Malcolm X: mfungwa aliyenakili kamusi nzima

Samburu ninayoitaja hapa si ile ya kaskazini. Ni Samburu yetu ya Kwale, katika nchi ya Waduruma, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, mahali ambapo malori husimama, madereva wakanywa chai, kisha kila mtu akashika njia yake kuelekea Taru na Mackinnon Road. Nilikwenda huko juzi kwa hitima ya jamaa yangu. Baada ya dua na chakula tulikaa barazani mimi na mzee mwenyeji, ambaye tulisoma naye chuo kimoja tukiwa watoto. Mara akatokea kijana wake wa kidato cha tatu, ameshika kamusi ya Kiingereza iliyokwisha kupoteza jalada kwa uzee.

Kijana huyu huniita ami. Aliniamkia kwa adabu, akakaa, akaeleza shida yake. Insha yake ilirudishwa na alama chache, na mwalimu ameandika pembeni kwamba maneno yake ni machache na ni yale yale kila mstari. Sasa anataka Kiingereza kizito, kile cha wakubwa, na ameamua kuifungua kamusi tangu herufi ya kwanza. Lakini alikuwa hajamaliza ukurasa mmoja, naye amekwama kwa mnyama aliyechorwa pale: masikio marefu kama ya punda, pua kama ya nguruwe, mkia mnene. Akataka kujua ni kiumbe gani huyo na anaishi nchi gani.

Baba yake akautazama mchoro akacheka. Kumbe ni mhanga, yule mchimbaji wa usiku anayefukua vichuguu kutafuta mchwa, na ambaye mashimo yake, akishayahama, huwa nyumba ya ngiri. Mzee ameyaona mashimo ya mhanga tangu utotoni, alipokuwa akichunga mbuzi. Kijana alikuwa akimtafuta katika nchi za mbali, naye yuko papo hapo nyikani.

Mimi nami nilicheka, lakini kwa sababu nyingine. Jina la Kiingereza la mnyama huyo, ambalo Waingereza walilitwaa kwa Makaburu na maana yake ni nguruwe wa ardhini, lina kisa. Ndilo lililobaki kichwani mwa mfungwa mmoja wa Marekani siku ya kwanza alipoanza kujifunza maneno ya Kiingereza mwenyewe, bila mwalimu. Mfungwa huyo baadaye aliitikisa Marekani kwa ulimi wake. Ni Malcolm X, ambaye sisi Waislamu tunamkumbuka pia kwa jina la Al-Haji Malik Shabazz.

Kijana alipoondoka kwenda kuchota maji, mzee alinitolea la moyoni. Alisema yeye hana ugomvi na Kiingereza, lakini anaogopa. Tangu mwanawe aanze kukifukuzia, darasa la baada ya alasiri halimwoni tena. Ameona watoto wengi wakienda na Kiingereza wasirudi. Basi nikaona maisha ya mtu huyu yanajibu maswali mawili kwa pamoja, la kijana na la baba yake. Nikawahadithia usiku ule, na leo namhadithia msomaji.

MTOTO ALIYEAMBIWA AWE SEREMALA

Malcolm Little alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wa Marekani wajitegemee na waikumbuke Afrika. Mama yake, Louise, alitoka kisiwa cha Grenada. Ilikuwa nyumba yenye vitisho mlangoni, kwa kuwa wapo wazungu waliochukia mafundisho ya baba. Walihamia Lansing katika jimbo la Michigan, na huko mwaka 1929 nyumba yao ikateketea kwa moto. Mwaka 1931 baba akakutwa kando ya reli ya tremu, mwili umepondwa. Wakuu walisema ni ajali. Jamaa zake hawakuamini kamwe.

Mama akabaki na kundi la watoto katika miaka ile ya njaa. Alihangaika mpaka akili yake ikashindwa kubeba mzigo, na mwaka 1939 akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto wakagawanywa huku na huku.

Malcolm alikuwa hodari shuleni. Katika mji mdogo wa Mason alisoma darasa ambalo karibu wanafunzi wote walikuwa wazungu, na wenzake wakamchagua kuwa mkuu wa darasa. Siku moja mwalimu wake alimwuliza angependa kuwa nani. Akajibu kwamba angependa kuwa wakili. Mwalimu akamshauri aiache ndoto hiyo, kwa sababu haimfai mtu wa rangi yake. Afadhali ajifunze useremala. Wenzake wazungu, hata wale aliowashinda kwa alama, walitiwa moyo kila mmoja kwa alilolitaka. Na mwalimu huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha Kiingereza.

Useremala ni kazi ya halali na yenye heshima, na sisi wa pwani, tulio na milango ya nakshi na majahazi, twajua thamani yake. Kilichomwumiza mtoto yule ni kule kupimiwa kimo chake na mtu mwingine. Alimaliza darasa la nane akaiacha shule. Akaenda Boston kwa dada yake wa baba mmoja, Ella, kisha akateremka Harlem, mtaa wa watu weusi katika New York. Huko akasomea mambo ya usiku: kamari, bangi, ulaghai, na mwisho wizi wa kuvunja nyumba. Januari 1946 alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka minane hadi kumi. Alikuwa hajatimiza miaka 21.

KALAMU NA KAMUSI

Katika gereza la Charlestown wafungwa walimwita Shetani kwa jinsi alivyoitukana dini yoyote iliyotajwa mbele yake. Lakini palikuwa na mfungwa mmoja mwenye umri kumzidi, aliyejulikana kwa jina la Bimbi, ambaye alimshangaza. Bimbi hakuwa na misuli ya kutisha wala kundi la kumlinda, lakini alipofungua kinywa hata askari walisimama kusikiliza. Alikuwa amesoma vitabu vingi mno vya maktaba. Malcolm aliona kwa mara ya kwanza mtu anayeheshimiwa kwa maneno peke yake. Bimbi akamshauri atumie kichwa alichopewa, atwae vitabu, na ajiandikishe masomo ya posta. Malcolm akaanza na Kiingereza, halafu akaongeza Kilatini.

Mwaka 1948, kwa juhudi za dada yake Ella, alihamishiwa gereza la Norfolk, lililokuwa na maktaba kubwa na midahalo ya kila wiki. Wakati huo ndugu zake walikuwa wamejiunga na jumuiya ya Nation of Islam ya Elijah Muhammad. Walimwandikia aache sigara na asile nguruwe. Akaacha vyote viwili, na habari za mfungwa mweusi aliyekataa nyama ya nguruwe zikaenea gereza zima.

Hapo ndipo lilipokuja lile lililomfedhehesha. Alitaka kumwandikia barua Elijah Muhammad. Huko mitaani yeye ndiye aliyekuwa msemaji, mwenye neno la mkato kwa kila mtu. Lakini kalamu ilipokuwa mkononi, maneno yalikimbia. Ile barua ya kwanza ya ukurasa mmoja aliiandika na kuirudia yapata mara 25. Mwandiko wake ulikuwa mbaya hata mstari haukunyoka. Na alipochukua kitabu, kila sentensi ilikuwa na maneno asiyoyajua, akawa anayaruka, na akifika mwisho hajui kilichosemwa.

Aliomba kamusi, madaftari na penseli katika shule ya gereza. Siku mbili alipekua tu zile kurasa, amepigwa na bumbuwazi, kwa kuwa hakujua kwamba duniani pana maneno mengi kiasi hicho, wala hakujua aanze na lipi. Mwisho, ili aanze tu, akaanza kunakili. Kwa mwandiko wake wa polepole alinakili ukurasa wa kwanza wote, kila neno na kila nukta. Ilimchukua siku nzima. Kisha akajisomea mwenyewe kwa sauti yote aliyoyaandika, akarudia tena na tena.

Asubuhi alipoamka akajikuta anayakumbuka. Alifurahi si kwa kuwa ameandika mengi tu, bali pia kwa kuwa ameandika maneno ambayo jana hakujua kama yapo. Yale yaliyompotea akayarudia. Na miongoni mwa yaliyobaki, lililokaa imara kuliko yote ni jina la mhanga, mnyama wa Afrika mwenye mkia mrefu na masikio marefu, anayechimba mashimo na kula mchwa.

Siku ya pili akanakili ukurasa wa pili, halafu wa tatu. Kila ukurasa ulimletea na watu, na miji, na mambo ya kale, kwa kuwa kamusi ni kama kitabu kidogo cha dunia nzima. Herufi ya kwanza ikajaza daftari zima. Akaendelea na ya pili, na mkono ukazidi kuwa mwepesi, mpaka akaimaliza kamusi yote. Yeye mwenyewe alikisia kwamba, ukijumlisha na barua, aliandika yapata maneno milioni moja gerezani.

Baada ya hapo vitabu vikafunguka. Akasoma historia, falsafa, habari za utumwa, habari za Afrika na Asia. Taa za vyumba zilizimwa saa nne usiku, lakini nje ya mlango wake palikuwa na taa ya ukumbini iliyomulika kidogo. Alikaa sakafuni akasoma kwa mwanga huo. Kila saa askari alipita kukagua; Malcolm alikuwa akirukia kitandani akajifanya amelala, kisha akishapita hurudi sakafuni. Aliendelea hivyo hadi saa tisa na saa kumi za usiku, akilala saa tatu au nne tu. Macho yakaharibika, na ile miwani tunayoiona katika picha zake ni ukumbusho wa taa ile.

HII SI NJIA NGENI KWETU

Nilipofika hapo, mzee mwenyeji alinikatiza. Aliona ameisikia habari hii mahali. Nami nikamwambia ameisikia, na zaidi ya kuisikia, ameifanya.

Tulivyosoma chuoni ni vivyo hivyo. Mwalimu anakuandikia ubaoni, unafuatisha kwa mkono wako, unakitaja kila kiandikwacho kwa sauti mpaka jirani anakusikia. Unalala nacho. Asubuhi unadurusu mbele ya mwalimu, na ukikosa unarudishwa pale pale, huvuki. Likishakaa kichwani ndipo ubao unaoshwa, ukaandikiwa jingine. Hakuna aliyeanza na sura ndefu. Tulianza na alifu, tukaja kwenye irabu, tukaja kwenye juzuu ya mwisho, na tukapanda polepole hadi tukakhitimu. Mtoto wa miaka kumi wa Msambweni au wa Samburu, ambaye hakupata kwenda mbali na kwao, amehifadhi kwa njia hiyo maneno mengi ya lugha isiyo ya mama yake, na matamshi yake huyapotoi.

Malcolm hakuwa na ubao wala mwalimu wa chuo, lakini alijikuta ameshika njia ile ile: kuandika kwa mkono, kusoma kwa sauti, kulala, kudurusu, kurudia palipopotea, kwenda kwa mpango kutoka mwanzo bila kuruka. Kwa hiyo kijana wa chuo anayelalamika kwamba hana njia ya kupata maneno ya Kiingereza ameisahau njia aliyokwisha kupewa bure. Chuo hakimzuii Kiingereza. Chuo kimemfundisha namna ya kujifunza kitu chochote.

Lakini chuoni twajua na kasoro ya njia hii ikiachwa nusu. Yuko anayehifadhi asijue maana. Malcolm hakuishia kwenye kunakili. Maneno yale aliyapeleka vitabuni akayaona yakifanya kazi, kisha akayapeleka kwenye midahalo ya gereza, akasimama mbele ya wafungwa wenzake na mbele ya wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuja kushindana nao. Neno asilolitumia mtu huyeyuka. Alilolitetea mbele ya watu haliondoki.

ULIMI ULIOTOKA GEREZANI

Aliachiliwa kwa masharti mwezi wa Agosti 1952. Jina la Little alilitupa, kwa kuwa lilikuwa jina la waliowamiliki babu zake, akaweka X mahali pa jina la asili lililopotea. Mwaka 1954 alipewa kuongoza hekalu la Nation of Islam la Harlem, na kwa miaka kumi hakuna aliyeieneza jumuiya hiyo kumshinda. Ni wajibu kusema wazi kwamba mafundisho ya Elijah Muhammad hayakuwa Uislamu tuujuao. Alidaiwa kuwa mjumbe wa Mwenyezi Mungu, na wazungu wote walihesabiwa kuwa mashetani kwa maumbile. Malcolm aliyahubiri hayo kwa moyo wake wote, na baadaye aliyajutia.

Jambo la kushangaza kwa mtu aliyenakili kamusi nzima ni kwamba hotuba zake hazikuwa na maneno makubwa. Alisema Kiingereza cha mpishi na cha mfagiaji, kifupi na chenye kuchoma, hata mama aliyekuwa hajui kusoma alimwelewa. Lakini akiitwa redioni au chuo kikuu, akipambana na mawakili na maprofesa, hakuna neno walilomtupia asilolidaka. Hili ndilo nililotaka kijana wa Samburu alishike. Akiba kubwa ya maneno si ya kumwagwa yote katika insha moja. Ni ya kuchagulia. Hata sisi watunzi wa mashairi, anayejua maneno mengi ya kale ndiye anayeweza kuliacha la kale na kuweka la kila siku, kwa kuwa amelipima akaliona ndilo lenyewe. Asiyejua ila machache hana la kuchagua.

Siku moja alialikwa kuzungumza katika chuo cha sheria cha Harvard, karibu na Boston. Akiwa pale akatazama dirishani, akagundua kwamba anaelekea upande wa nyumba ile ile aliyokuwa akijificha na kundi lake la wezi. Na mwandishi mmoja wa Uingereza alipomwuliza amehitimu chuo kikuu gani, alimjibu kwamba chuo chake ni vitabu.

ALICHOKIKOSA JEDDAH

Machi 1964 alijitenga na Elijah Muhammad, na mwezi uliofuata akaenda Hija. Ninamwomba mzee wa Samburu, na wazazi wote wenye hofu kama yake, wasikilize kituo hiki.

Huyu bwana aliyewanyamazisha wasomi wa Marekani alifika uwanja wa ndege wa Jeddah akiwa bubu. Pasipoti yake ilizuiliwa, kwa kuwa Mmarekani anayesema ni Mwislamu alitiliwa shaka mpaka achunguzwe, akawekwa katika nyumba ya mahujaji kungojea. Wote waliomzunguka walikuwa Waislamu, na hakuweza kusema nao ila kwa ishara na tabasamu. Ulipofika wakati wa sala, yeye aliyeitwa kiongozi wa dini kwa miaka kumi hakujua kusali kwa Kiarabu, wala miguu yake haikujua kukaa kikao cha sala. Ilibidi afundishwe namna ya kusujudu na kukaa, na kifundo cha mguu kikamwuma kwa kutozoea. Aliona haya, na hakulificha hilo katika kitabu cha maisha yake alichokitunga pamoja na mwandishi Alex Haley.

Kila mtoto wa chuo hapa kwetu angeliweza kumwongoza. Alichokuwa nacho Malcolm sisi twakililia, na tulicho nacho sisi yeye alikililia. Hakusema kwamba Kiingereza chake ni bure, wala hakuona kwamba Kiarabu hakina haja kwa kuwa amekwisha kuwa mashuhuri. Akaanza kujifunza Kiarabu akiwa na miaka karibu 39.

Makka ikamgeuza. Alikula sahani moja na kulala chini ya paa moja na watu wa kila rangi, wakiwamo weupe wenye macho ya samawati, wote katika ihramu. Akaandika barua kwao Marekani akikiri hadharani kwamba aliyokuwa akiyafundisha juu ya rangi yana makosa. Hebu fikiri, msomaji, ni wangapi wenye ufasaha kama wake wanaoutumia kujikosoa wenyewe. Kwa kawaida mtu akishajaliwa ulimi huutumia kutetea lile alilolisema jana.

ALIPOFIKA KWETU

Mwaka huo huo alizunguka Afrika. Oktoba 1964 alifika Nairobi na Dar es Salaam. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimekwisha kuungana, na jina la Tanzania lilikuja mwisho wa mwezi ule ule. Alikutana na Mwalimu Julius Nyerere, na akafuatana na Abdulrahman Babu, Mzanzibari aliyekuwa waziri katika serikali ya Muungano. Alipoondoka Dar es Salaam alisafiri katika ndege moja na Mzee Jomo Kenyatta na Milton Obote wa Uganda. Shabaha yake ilikuwa moja: serikali za Afrika ziipeleke kesi ya watu weusi wa Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa. Yule mtoto aliyeambiwa hawezi kuwa wakili alikuwa sasa anatafuta mahakama ya dunia kuwatetea mamilioni ya watu wake.

Tarehe 3 Desemba 1964 alisimama katika mdahalo wa Oxford, Uingereza, na katika hoja zake akamtumia Shakespeare mbele ya vijana wa Kiingereza waliomsoma tangu utotoni. Siku kumi baadaye Babu alikuwa mgeni wake Harlem, akahutubia katika ukumbi wa Audubon.

Ni katika ukumbi huo huo wa Audubon, Jumapili ya tarehe 21 Februari 1965, alipouawa. Alipanda jukwaani, akawatolea watu salamu ya Kiislamu, wakamwitikia. Ghasia ikazuka katikati ya ukumbi, na alipokuwa akiwatuliza watu risasi zikamvurumishia. Mkewe Betty, mja mzito, alikuwa ukumbini pamoja na mabinti zao wanne. Malcolm alikuwa na miaka 39. Watu watatu walihukumiwa mwaka 1966, na Novemba 2021 mahakama ikawaondolea hatia wawili kati yao, mmoja akiwa amekwisha kufa. Alioshwa na kukafiniwa kwa taratibu za Kiislamu, akazikwa Hartsdale, nje kidogo ya New York. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka huo huo, naye hakukiona.

TULIVYOACHANA

Hapo nilinyamaza. Malori yalikuwa yakipita barabarani, na kijana ameketi na kamusi yake mapajani, ameifungua pale pale kwa mhanga.

Nilimwambia mambo matatu. La kwanza, atafute daftari na anakili ukurasa mmoja kwa siku, au hata nusu, na asome kwa sauti kama asomavyo chuoni, bila kuona haya kwa majirani. La pili, kila neno apatalo alitafutie wenzake katika kitabu, katika gazeti na katika mazungumzo, na alitafutie jina lake kwa Kiswahili na kwa Kiduruma pia, kwa sababu baba yake alimjua mhanga kabla ya kamusi. La tatu, baada ya alasiri arudi darasani kwa mwalimu wake, asije akafika Jeddah yake akiwa bubu.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Kisha akatia mkono mfukoni, akampa mwanawe noti, akamtuma dukani akanunue daftari kabla duka halijafungwa, na penseli mbili. Moja, alimweleza, ni ya kamusi. Ya pili aende nayo kesho darasani.